Kivuli cha Kukodi

Wageni walikuja na vifaru, helikopta na mbwa wa kunusa mabomu, lakini hawakuja na kivuli. Meli iliyobeba mahema yao ilikuwa imekwama bandari gani sijui, na jua la mji wetu halina adabu kwa mtu aliyezaliwa kwenye baridi. Hata kabla buti zao hazijashika vumbi sawasawa, kapteni wao mwenye miwani ya duara alisimama mlangoni mwa ghala letu pamoja na mkalimani. Akagonga nguzo zetu kwa ncha ya kalamu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechagua matikiti sokoni. Kisha akakodi kila kitu.

Kazi yetu ilikuwa hiyo. Baba alikodisha maturubai na viti: harusi, misiba, mahafali ya shule, mikutano ya wanasiasa waliopenda kuahidi wakiwa kivulini. Maturubai yetu yote yalikuwa ya mistari ya bluu na nyeupe, mipana, ya kuonekana kutoka mbali. Baba alichagua rangi hizo tangu ujana wake ili mtu akipita barabarani ajue bila kuuliza kwamba shughuli ile imeshikwa na Mzee Kivuli. Ndivyo mji mzima ulivyomwita. Jina lake halisi lilibaki kwa mama yake peke yake.

Siku zile za mwanzo baba alitembea kifua mbele. Mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuwa akishika kamba ya kona ya kushoto tangu sijazaliwa, hakumwacha apumue.

"Shemeji, sasa wewe ni jeshi. Nikikuona asubuhi nikupigie saluti?"

"Piga," baba akamjibu bila kugeuka. "Ukishamaliza, niletee vigingi."

Mimi sikucheka. Vita vyenyewe vilikuwa vyetu. Waliokaa serikalini na waliokaa mlimani walisoma darasa moja, wengine walilala kitanda kimoja. Mkoloni alipoondoka aliacha kiti, nao wakakigombania hadi damu ikafika magotini. Wale wa mjini waliposhindwa kuwasukuma wale wa mlimani, wakapiga simu ng'ambo. Wageni wakasema wanakuja kutulinda. Hawakutuuliza tunamwogopa nani. Na sisi, badala ya kuuliza, tukawasimamishia maturubai.

Tuliwasimamishia kwanza kwenye uwanja wa shule. Kambi ikapigwa makombora kutoka mlimani. Wakahamia uwanja wa mpira, wakaweka maturubai yaleyale, ikapigwa tena. Mara hii ya pili nilikuwepo, nikikaza kamba zilizolegea kwa upepo, kwa hiyo naujua mpangilio wake. Kombora la kwanza hupita juu na kuangukia mbali. La pili hupungukia huku mbele. Kisha kunakuwa na kimya, kimya cha mtu anayerekebisha kitu bila haraka. La tatu huingia ndani. Siku ile liliingia jikoni, likamchukua mpishi wao, baba wa watu, jirani yetu wa mtaa wa nyuma, ambaye kosa lake lilikuwa kujua kupika chakula cha watu wengi.

Hatimaye meli ikafika. Wageni wakasimamisha mahema yao wenyewe, ya rangi ya udongo, huko kiwanja cha ndege nyuma ya magunia ya mchanga. Maturubai yetu wakayarudisha yakiwa na matundu na madoa ya moshi. Mama akakaa na cherehani yake akiyatia viraka mpaka macho yakamwuma. Baba akayafua kwa mikono yake, akayatandaza juu ya paa la ghala na ukutani yakauke. Alikuwa akiimba. Mali imerudi nyumbani.

Ndipo Bibi akafa, mama yake baba. Alikufa usingizini, kwa uzee tu, na katika mwaka ule watu walilitaja jambo hilo kama bahati.

Asubuhi ya mazishi baba alitukusanya ghalani, mjomba, mimi na vibarua watatu.

"Leo turubai kubwa," alisema. "Lile la nguzo mama."

Nguzo mama ni ile ya katikati, ndefu kuliko zote, inayobeba uzito wa turubai zima. Turubai la namna hiyo halisimamishwi wala kulazwa na mtu mmoja. Watu wanne hushika kamba za kona, mmoja hukaa na nguzo mama, na neno la kulaza hulitoa mmoja tu. Ukilegeza kona moja kabla ya wenzio, nguzo inaanguka juu ya waliokaa. Kwetu neno hilo lilikuwa la baba. Tangu nizaliwe sijaona kamba iliyolegezwa kabla hajasema.

Tulilisimamisha uani. Nyumba yetu ni vyumba viwili na sebule isiyotosha hata ndugu wa karibu, kwa hiyo waombolezaji wote walikaa nje. Walijaa hadi viti vikatuishia. Karibu kila aliyekuja, baba alikuwa amewahi kumfunikia mzazi, mtoto au mume. Bibi alikuwa ndani, sebuleni, kwenye jeneza lililoletwa na seremala wa jirani, na wanawake walikuwa wamemzunguka.

Nilikuwa nikipanga viti vya mwisho alipofika mpasua mawe. Huyu alikuwa rafiki wa baba, mtu wa maneno machache, afanyaye kazi kwenye machimbo chini ya mlima. Mpwa wake aliyemlea alikuwa amekimbilia juu na wapiganaji, na kila mtu mtaani alijua, na kila mtu alijifanya hajui. Alifika langoni, akainua macho kuliangalia turubai, akasimama pale pale. Nilidhani anasoma dua kimoyomoyo.

"Karibu mzee, kuna kiti hapa mbele."

Hakukaa. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akanivuta pembeni kwenye ukuta.

"Haya mmeyatandaza lini?"

"Turubai? Alfajiri ya leo."

"Si leo. Juzi. Juu ya ghala."

"Ah, yale tulikuwa tunayakausha. Yamerudi kutoka kwa wageni."

Akafumba macho kidogo. "Jana nilikuwa machimboni. Vijana wa juu walishuka kuchota maji. Wanachekelea. Wanasema, bluu imetokea tena mjini, wageni wamehamia kwenye nyumba za watu wakidhani hatutawaona."

Maneno yake niliyasikia, lakini yalichukua muda kushuka. Nikageuka kuutazama mlima. Ulikuwa pale pale ulipokuwa siku zote, kaskazini, juu ya mapaa, unaonekana jiwe kwa jiwe. Na kama mimi naliona jiwe, aliyekaa kwenye jiwe anaona nini? Sisi tuliona turubai limerudi nyumbani. Wao waliona kambi imehamia mtaani. Wageni walituambia asante, wakaondoka, na hakuna aliyewaambia walio juu.

"Hukuwaeleza?" nilimwuliza.

"Niwaeleze nini? Nilijua mimi kwamba mama wa Mzee Kivuli amefariki? Nimeambiwa leo asubuhi." Jasho jembamba lilikuwa linamshuka kwenye paji la uso. "Mwambie baba yako alilaze."

Nikamtafuta mjomba kwanza, maana nilijua baba atanijibu nini. Mjomba alikuwa ameegemea kamba yake akimtania shangazi mmoja kwamba amekuja kula, si kulia. Nilimnong'oneza. Utani ukamkauka mdomoni. Aliitazama mistari juu ya kichwa chake kana kwamba hajawahi kuiona.

"Una uhakika?"

"Mpasua mawe ametoka huko jana."

"Basi twende kwa baba yako. Lakini uanze wewe. Mimi ni shemeji tu, atanifukuza na kamba yangu."

Baba alikuwa amekaa karibu na mlango, shati limefungwa hadi shingoni, mikono juu ya magoti. Niliinama nikamweleza sikioni, upesi, bila kuremba. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ya chini iliyonichoma kuliko kelele:

"Mama yangu nimwombolezee juani?"

"Baba, si suala la jua."

"Nimewafunika wafu wa mji huu wote. Matajiri kwa maskini. Yule mlevi aliyekutwa mtaroni nilimfunika bure, hakuna aliyelia ila mimi. Leo ni zamu ya mama yangu, unaniambia nikunje?"

"Watadhani sisi ni askari."

"Askari gani wanalia hivi?"

"Kilio hakifiki mlimani, baba. Rangi ndiyo inayofika."

Mjomba akakohoa. "Shemeji, kijana hasemi vibaya. Tunaweza kuwagawa watu kwenye nyumba za majirani…"

"Wewe shika kamba yako."

Mjomba akarudi kwenye kamba yake. Nikabaki nimeinama, uso umeniwaka moto. Nilitamani kwenda kuikata kamba ya kwanza kwa kisu, na nisingejali. Lakini chini ya nguzo mama walikaa mama yangu, dada zangu na watoto wa jirani, na nilijua vema kitakachotokea kamba moja ikikatwa peke yake. Ujuzi wangu mwenyewe ulinifunga mikono.

Wakati huohuo tukasikia injini.

Lilikuwa gari la wageni, lile la chuma lenye bunduki juu, likiingia mtaani kwetu polepole na kuegeshwa kando ya turubai, karibu kabisa, bawa la turubai likilala juu ya boneti yake. Kapteni akashuka na askari wake wachache na mkalimani, kijana wa mji huuhuu aliyesoma nasi. Kapteni alivua kofia. Sitamsingizia: alikuja kwa moyo mwema. Alikuwa amesikia msiba wa mtu aliyempa kivuli, akaja kutoa pole, ameshika shada la maua lililonyauka kwa joto. Waombolezaji wakampisha. Baba akasimama, akampokea kwa mikono miwili.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye lile gari. Mpaka dakika ile, aliye mlimani angeweza bado kusita. Angeweza kusema, ngoja kwanza, tuhakikishe. Sasa tulikuwa tumemletea uhakika hadi mlangoni.

Nikamshika mkalimani bega. "Mwambie aondoe hilo gari. Sasa hivi. Wanatupima kutoka juu."

Akamweleza. Kapteni akanitazama nyuma ya miwani yake, akatikisa kichwa kwa upole, akasema maneno mengi.

"Anasema msiwe na wasiwasi," mkalimani akatafsiri. "Anasema akiondoka mtabaki bila ulinzi. Anaweza kuita gari la pili."

"La pili la nini?"

"La kuwalinda."

Nilitaka kucheka na kulia. Nikafungua mdomo, na kabla sijasema, tukasikia mlio kama wa shuka pana linalochanwa hewani. Ulipita juu yetu. Kisha mshindo, mbali, upande wa kiwanda cha mbao. Vumbi jekundu likapanda nyuma ya mapaa.

Watu hawakupiga kelele. Mtoto mmoja aliuliza, "Mama, ni nini?" na mama yake akamziba mdomo.

"Hilo la kwanza," nilimwambia baba. "Limepita."

Askari walikuwa tayari wamepiga magoti kati ya viti, bunduki zimeelekea mlimani, wamejichanganya na wanawake. Kapteni alizungumza kwenye redio kwa haraka, kisha akapaza sauti.

"Anasema laleni hapohapo mlipo," mkalimani akatangaza. "Msitoke chini ya turubai. Ameita helikopta, itaupiga mlima."

Watu wakaanza kulala. Mzee mmoja alishindwa kukunja magoti akabaki amekaa, akijitazama mikono. Niliona mpasua mawe amesimama wima kwenye ukuta, ameutazama mlima, midomo ikimcheza, na nilijua anafikiri juu ya nani.

La pili likaja. Hili liliangukia mbele yetu, kwenye shamba la jirani, na ardhi ikaturuka miguuni. Mabonge ya udongo yalinyesha juu ya turubai kama mvua ya mawe. Kiraka kimoja cha mama kikaachia, mwale wa jua ukaingia.

Kimya.

Nilikijua kimya kile. Mwili wangu mzima ulikijua. Sikumwambia baba chochote tena, nilimtazama tu. Alikuwa amesimama peke yake kati ya watu waliolala. Aliinua uso. Jua lilipenya kwenye kitambaa na kuchora mistari ya bluu juu ya kila mtu: juu ya mgongo wa mama, juu ya vichwa vya watoto, juu ya kofia za wale askari. Wote walikuwa wamepakwa rangi moja. Sijui aliona nini hasa. Niliona tu mabega yake yakishuka, kama ya mtu anayetua mzigo alioutoa mbali.

"Kijana," alimwambia mkalimani, "mwambie kapteni nimepokea pole zake. Sasa aondoke, yeye na watu wake na gari lake."

Mkalimani akatafsiri. Kapteni akajibu kwa ukali.

"Anasema ni kwa usalama wenu, mzee."

"Usalama wetu ameuegesha pale," baba akasema, akilionyesha gari. "Aondoke nao. Na hiyo helikopta airudishe. Siku ya mama yangu hapigwi mtu kutoka uani kwangu. Walio kule juu ni watoto wa hawahawa waliolala hapa."

Sijui kama mkalimani alitafsiri yote. Alisema kitu, kapteni akamtazama baba, akautazama mlima, akaweka maua juu ya kiti. Wakakimbilia gari. Liliondoka kwa kasi, likang'oa vigingi viwili vya upande ule, turubai likayumba, nguzo mama ikalia. Nikairukia nikaikumbatia kwa nguvu zangu zote. Vibarua walikuwa wamerukia kona zao, na mjomba ameshaishika kamba yake, miguu ameichimbia ardhini, uso umemvimba.

"Shemeji," alisema kwa meno yaliyoumana, "neno."

Baba alitutazama mmoja mmoja, kona kwa kona, kama afanyavyo siku zote. Hata saa ile hakuruka hata mmoja.

"Laza."

Tukalegeza pamoja. Turubai likashuka polepole juu ya vichwa, watu wakalipitisha kwa mikono, mkono kwa mkono, hadi ukutani, na pale tukalikunja, tukatupia mikeka juu yake kuficha mistari. Jua likatuangukia lote kwa mara moja. Ghafla uani kulikuwa na watu: wazee, wanawake waliojifunga vitambaa kichwani, watoto, viti vilivyopinduka. Tulikuwa uchi mbele ya mlima.

Baadhi waliinuka kukimbia.

"Msikimbie," baba alisema. "Wanaokimbia ni askari. Kaeni kwenye viti." Kisha akatugeukia sisi wenye kamba. "Ingieni ndani. Mtoeni mama."

"Tumlete hapa?" mjomba akauliza.

"Hapa katikati. Waone tumekaa kwa ajili ya nani."

Tukaingia watu wanne tukalibeba jeneza. Lilikuwa jepesi, Bibi alikuwa amebaki mifupa na maneno. Mlangoni mikono yangu iliteleza kwa jasho, nikalikamata kwa goti. Tuliliweka juu ya meza pale palipokuwa na nguzo mama, chini ya anga tupu, na seremala akalisogeza likae sambamba na mlima, ubavu mrefu ukiangalia kaskazini. Wanawake wakatoka nyuma yetu, wakakaa chini kulizunguka.

Halafu tukasubiri.

Sijawahi kusikia watu wengi wakipumua kwa uangalifu namna ile. Mama alinishika vidole akavibana hadi vikafa ganzi. Inzi alitembea juu ya jeneza. Mpasua mawe alikuja mbele, akavua shati lake jeupe, akasimama kando ya Bibi akilipunga juu, taratibu, kifua wazi, akiwa ameukazia macho mlima kana kwamba anamtafuta mtu mmoja tu. Kutoka upande wa kiwanja cha ndege tulisikia helikopta ikinguruma. Ikanguruma muda mrefu, haikuruka. Kisha ikazimwa, au upepo uligeuka.

Baba alikaa kwenye kiti chake, kichwa wazi, jasho likimtiririka hadi kwenye ukosi uliofungwa. Hakulifuta. Nilikaa chini karibu na miguu yake.

"Wanatuona?" aliniuliza, bila kugeuka.

"Wanatuona, baba."

"Na mama wanamwona?"

"Wanamwona."

Akaitikia kwa kichwa. Akasubiri tena kidogo, na mlima nao ukasubiri. Kisha akasimama, akakohoa kusafisha koo, akaanza kuwaeleza watu mama yake alikuwa mtu wa namna gani, kwa sauti kubwa, uso ameuelekeza kule juu.